Bibi Somoe na Mzigo Usiotuliwa

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika huku anatafuna? Meza kwanza karanga zako. Paukwa!

Pakawa!

Ehe, hapo sawa. Leo nasimulia nikiwa na hasira, nawaambia mapema. Hasira yenyewe ni ya zamani, ya watu waliokwisha kufa, lakini kila nikiisimulia hadithi hii inanipanda upya. Na leo mtanisaidia. Nikisema "Hatukatai," ninyi semeni "Lakini!" Tujaribu. Hatukatai!

Lakini!

Mnaijua vizuri kuliko nilivyodhani. Haya.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, palikuwa na kijiji kimoja kilimani. Kilikuwa na mtaa wa juu na mtaa wa chini. Watu wa juu waliwasema watu wa chini, na watu wa chini waliwasema watu wa juu, na maisha yakaenda. Mkubwa wa kijiji aliitwa Jumbe Likwata. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa, na alichokipenda kuliko vyote duniani ni kukaa. Akikaa kwenye kigoda chake hakumbuki kuondoka.

Jumbe alikuwa na mke, Mwanahija. Na Mwanahija alikuwa na mama, Bibi Somoe. Huyo ndiye mwenye hadithi. Alikuwa mjane, mfupi, mkavu, na aliishi peke yake katika kijumba cha chumba kimoja, pale njia inapoingia kijijini. Msidanganywe na wale wanaomsimulia kama malaika. Alikuwa na ulimi yule! Akikukosoa, unajikuna mahali pasipowasha. Lakini akikasirika kweli, hasemi kitu. Anakutazama tu. Hapo ndipo watu walipoogopa.

Sasa, ng'ambo ya milima kukazuka vita. Nyumba zikachomwa, watu wakakimbia. Sultani akatuma tarishi wake kwa Jumbe. Tarishi akasema, "Kuna watu wanakuja. Wapokeeni, wakae nanyi mpaka vita viishe." Akasema hivyo, akanywa maji, akaondoka. Hata uji hakungoja.

Kijiji kikalipuka kwa maneno.

"Hatukuulizwa!" wakasema mtaa wa juu.

"Hatukuulizwa!" wakasema mtaa wa chini. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu kijiji kijengwe.

"Mbona kijiji cha jirani hawakupewa?"

"Nasikia wanakuja wengi, wamejaza njia."

"Nasikia wana meno yaliyochongwa."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

Watu gani? Hao watu siku zote hawana majina. Tuendelee, nisije nikamaliza pumzi kabla ya hadithi.

Asubuhi moja wakatokea. Ta, ta, ta, ta, nyayo mavumbini. Hawakuwa wengi hivyo. Ungeweza kuwalisha kwa chakula cha harusi moja na kikabaki. Meno yao yalikuwa kama ya kwako. Wote walikuwa na mizigo vichwani. Mbele alitangulia mwanamke kijana, jina lake Tusekile. Kichwani mzigo, mgongoni binti yake mdogo, Subi. Na Subi alikuwa na homa. Ilimshika njiani, ikamkaza, na sasa kichwa kimemlalia upande na mdomo umekauka. Huko angani mawingu ya masika yalikuwa yanakusanyika. Tusekile hakuwa na haja kubwa hapa duniani. Alitaka paa, na moto, mtoto alale pakavu kabla mvua haijanyesha. Basi.

Hokororo, aliyekuwa msemaji wa Jumbe, akaenda kuwalaki mikono wazi, tabasamu mpaka masikioni.

"Karibuni! Karibuni sana! Kijiji ni chenu!"

"Ahsante, baba," akasema Tusekile.

"Lakini msitue mizigo kwanza. Tunazungumza kidogo. Mara moja tu."

Sikieni desturi ya enzi zile. Mgeni hatui mzigo mpaka aambiwe "Tua." Na ukimwambia atue, au ukimtua wewe kwa mikono yako, pale mzigo ulipogusa chini ndipo kwake. Mlangoni kwa nani? Huyo ndiye mwenyeji wake. Atamlaza, atamlisha, atamtetea. Akiugua, atamuuguza. Wageni nao kwao desturi ilikuwa hiyohiyo. Kwa hiyo walisimama. Juani. Mizigo vichwani. Wamekwisha kuambiwa kijiji ni chao.

Hamwoni hasira inatoka wapi?

Wanaume wakakusanyika uwanjani mbele ya nyumba ya Jumbe, kila mmoja na kigoda chake. Jumbe akakaa, nao wakakaa. Akainuka Chilumba wa mtaa wa juu, mtu mrefu mwenye kulalamika hata mvua ikinyesha vizuri.

"Jumbe, sisi wageni hatukatai."

Lakini!

"Lakini kisima chetu ni kidogo. Wakinywa hao, tutakunywa nini? Heri wakae mtaa wa chini, kule kuna unyevu."

Akainuka mtu wa mtaa wa chini. "Sisi nasi hatukatai."

Lakini!

"Lakini huku kwetu mbu ni wengi, wageni watateseka. Tunawaonea huruma. Heri wakae juu, kuna upepo."

Mwingine akasema, "Hatukatai."

Lakini!

"Lakini mbuzi wangu wamezoea sura za hapa."

Mbuzi! Nawaapia. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anawasemea mbuzi. Na wenzake wakatikisa vichwa, wakasema kweli, mbuzi nao wafikiriwe.

Jua likapanda. Mazungumzo yakapanda. Chini njiani, wageni wamesimama.

Bibi Somoe akatoka kisimani na mtungi wake. Akawakuta.

"Mnangoja nini hapa, wanangu?"

"Tumeambiwa tungoje, bibi," akasema Tusekile. "Wanazungumza."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Bibi Somoe akamgusa Subi shavuni. Akaurudisha mkono haraka, kama aliyegusa figa.

"Huyu mtoto mbona halii?"

"Alilia jana, bibi. Leo amechoka."

Bibi Somoe akanyamaza.

Mmesikia? Akanyamaza. Mngekuwepo, mngekimbia.

Akautua mtungi wake, akawapa maji, mtoto kwanza. Kisha akamwambia Tusekile, "Nitwishe mzigo wako."

"Bibi, ni mzito."

"Nimekuuliza uzito wake? Nitwishe."

Tusekile akamtwisha. Shingo ya kikongwe ikadidimia, miguu ikayumba, ikasimama.

"Mwanangu, umebeba nini humu, mawe?"

"Jiwe, bibi. La kusagia. La mama yangu."

"Umekimbia vita na jiwe la kusagia?"

"Nilishika kilichokuwa karibu."

"Haya. Kaa hapo kivulini, umpepee mtoto. Nikikuita, uje."

Akaanza kupanda kilima. Taratibu. Ta... ta... ta...

Sasa kijijini pale ilikuwa aibu kubwa mno mzee akipita na mzigo nawe usimpokee. Hata mtoto anajua. Ukimwona mzee na kuni, unakimbilia kuni. Lakini habari ilikuwa imekwisha kumtangulia Bibi Somoe: mzigo ule ni wa mgeni! Atakayeupokea atautua wapi? Si mlangoni kwake? Mbona palikuwa na mbio! Aliyekuwa akitwanga akauacha mchi ndani ya kinu, akaingia ndani. Aliyekuwa akisuka ukili akajifunika mkeka alioutengeneza. Mmoja hakuwahi kukimbia, akajilaza palepale kibarazani, mchana kweupe, khooo, khooo, akikoroma na jicho moja wazi.

"Lala salama," Bibi Somoe akamwambia, akapita.

Akafika uwanjani. Akasimama katikati. Jumbe Likwata alipomwona tu, akaruka kutoka kwenye kigoda kama aliyekalia siafu.

Mnajua kwa nini? Kwa desturi yao, mwanamume hawezi kukaa mama mkwe wake akiwa amesimama. Hawezi kula mbele yake. Hawezi kumpa kisogo akaondoka. Hata kusema naye uso kwa uso hawezi, lazima apitie kwa mtu mwingine. Basi Jumbe akasimama. Na kijijini pale Jumbe akisimama, hakuna mwanamume anayekaa. Na Jumbe asipokula, hakuna anayekula. Wote wakainuka. Vigoda vikabaki vitupu.

Bibi Somoe akasimama. Wakasimama. Nzi wakaruka.

Jumbe akatazama pembeni, akasema, "Hokororo, mwambie mama akae."

"Bibi, mkweo anasema ukae."

"Mwambie nina mzigo."

"Anasema ana mzigo."

"Mwambie autue."

"Anasema uutue, bibi."

"Mwulize: nitue wapi?"

Hokororo akamgeukia Jumbe. Jumbe akamgeukia Chilumba. Chilumba akatazama mawingu. Uwanja mzima wa wanaume waliokuwa wakisema tangu asubuhi, na sasa hakuna hata mwenye kukohoa.

Jua likasogea. Ndani ya nyumba ya Jumbe, Mwanahija alikuwa amesonga ugali na kupika kunde kwa nazi. Harufu ikatoka, ikawazunguka wale wanaume, ikawapitia puani mmoja mmoja. Matumbo yakaanza, guru, guru. Magoti ya Chilumba yakalia, kwa! kwa!

"Jumbe," akanong'ona Chilumba, "tukae."

"Kaa. Nani kakukataza?"

"Utakaa wewe?"

"Mama amesimama, nitakaaje?"

"Basi ongea naye!"

"Hokororo, mwambie mama, sisi mgeni wake hatumkatai."

Lakini!

"Lakini kwa nini asiende kuutua mzigo kwake mwenyewe?"

Hokororo akafikisha. Hapo ndipo Bibi Somoe aliposema maneno mengi kuliko yote siku ile. Alisema kwa shida, kwa sababu jiwe lilikuwa limemkalia shingoni.

"Mwambie mkwe wangu hivi. Mwenye mzigo huu ana mtoto mwenye homa. Nikiutua kwangu, nyote mtakwenda kula, mtalala vizuri, na kesho mtasema kijiji kimepokea wageni. Sitaki mlale vizuri. Na wale wengine kule chini, mizigo yao nani ataitua? Kijumba changu hakitoshi hata hawara zenu wawili. Mimi nasimama. Mkichoka, semeni."

Wengine wakaangalia chini kwa sababu ya lile neno la hawara. Wengine walitaka kucheka, wakaogopa.

Ngurumo ikapiga, gruuum, nyuma ya kilima. Jasho likamchuruzika Bibi Somoe mpaka kwenye kope. Hakulipangusa, mikono yote imeshika mzigo.

"Hokororo! Mwambie mama atue!"

"Bibi, tua!"

"Nitue wapi?"

"Mwambie, tafadhali!"

"Bibi, tafadhali, tua!"

"Nitue wapi?"

Gruuum. Goti moja la bibi likakunjika. Na wanaume wote wale, wenye mabega mapana, wenye kucheza mieleka, wamesimama mikono imening'inia. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Nawauliza ninyi mliokaa hapa: ni ugonjwa gani huo? Dawa yake inachimbwa wapi?

Ndipo Mwanahija alipotoka jikoni, mwiko bado uko mkononi. Alikuwa amesikia yote tangu asubuhi. Akautupa mwiko.

"Mama!"

Akapita katikati ya wanaume akiwasukuma, huyu huku, huyu kule. Akaupokea mzigo kichwani kwa mama yake, akaubeba mpaka mlangoni kwake, akautua.

Pu!

Bibi Somoe akakaa chini, di! palepale mavumbini.

"Mwanahija!" akapiga kelele Jumbe. "Umefanya nini?"

"Nimempokea mama yangu mzigo. Wewe ulikuwa ukingoja nini?"

"Umeutua kwangu!"

"Ulitaka niutue kichwani kwako? Huko chini kuna mtoto ana homa, ninyi mnazungumza habari za mbuzi." Akageukia njiani, akaita kwa sauti ya kuita watu shambani. "Weee! Mwenye mzigo! Njoo na mtoto wako, upesi!"

Tusekile akaja mbio. Mwanahija akamshika mkono, wakaingia ndani.

Wanaume wakapumua. Wakavuta vigoda vyao wakae. Wakatazama. Jumbe bado amesimama.

"Jumbe, kaa basi," akasema Chilumba. "Mama amekwisha kaa."

"Sikai."

"Kwa nini?"

"Mnadhani nitalisha mimi peke yangu, ninyi mrudi kwenye ugali wenu? Nimetuliwa mzigo mimi, na ninyi mtatuliwa. Sikai, wala sili, mpaka kila mzigo uliobaki umetua mlangoni kwa mtu!"

Msipige makofi! Nawaona mnataka kupiga makofi. Yule hakufanya kwa wema. Alikuwa na wivu tu, hakutaka kuumia peke yake. Lakini mvua haimwulizi mwenye paa amelitoa kwa moyo gani, nami siwezi kumdai moyo mzuri mtu ambaye siku ile nilihitaji miguu yake tu.

Na miguu ilitumika! Wakashuka kilima kwa mbio, tumbo la Jumbe mbele, ndu, ndu, ndu. Wale waliokuwa hawana nafasi wakapata nafasi. Yule wa mbuzi akachukua mama na wanawe, akawalaza karibu na zizi, na mbuzi hawakusema neno. Chilumba, kwa ujanja wake, akachagua kifurushi kidogo kuliko vyote, akidhani na mgeni wake atakuwa mdogo. Kumbe kilikuwa cha babu mmoja mrefu, mwenye njaa ya safari nzima na hadithi zisizokwisha. Hata yule aliyekuwa akikoroma aliamshwa. Mzigo wa mwisho ulipogusa chini, Jumbe akakaa hapohapo njiani, kwenye jiwe, akihema. Matone ya kwanza yakamwangukia kichwani.

Mvua ikanyesha usiku kucha. Nyumbani kwa Jumbe moto haukuzimika. Mwanahija alikuwa akimpa Subi maji ya mizizi, kijiko baada ya kijiko. Tusekile akimpangusa mwili. Upande wa pili amelala Bibi Somoe kifudifudi, shingo imekakamaa, imepakwa mafuta ya nyonyo, akitoa amri kutoka kwenye mkeka: chocheeni moto, mgeuzeni mtoto, si hivyo, hivi. Na mtoto kimya. Kila mara Tusekile akiinamisha sikio lake kifuani kwa mtoto, asikie kama bado anapumua. Akiinamisha tena.

Kulipopambazuka, mvua ikakatika. Na kijiji kizima kikasikia:

"Waaaaa! Waaaaa! Waaaaa!"

Kilio gani kile! Kilio cha mtoto mwenye njaa, mwenye hasira na ulimwengu. Kilishuka mtaa wa chini, kikapanda mtaa wa juu. Kuku walitoka nje.

Bila kukawia, hodi mlangoni. Chilumba, macho mekundu, amejitanda shuka.

"Jumbe, sisi hatukatai."

Lakini!

"Lakini huyo mtoto analia mno. Nimekesha na hadithi za yule babu, sasa nimepata usingizi kidogo, na huyu naye! Amnyamazishe."

Jumbe naye hakuwa amelala. Akachungulia ndani, akasema kwa adabu kidogo, "Mama Subi, mnyamazishe basi mtoto."

Tusekile alikuwa amekaa sakafuni, amempakata Subi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, naye hata hambembelezi.

"Siwezi, baba," akasema. "Nisamehe. Nilikuwa nangoja kumsikia."

Jumbe akabaki ameshika kizingiti. Sijui alifikiri nini. Watu wa hadithi hatuwaoni ndani. Akamtazama yule mtoto, mdomo wote wazi, anapiga kelele kwa nguvu zake zote. Akamtazama Chilumba.

"Umesikia?"

"Nimesikia, lakini..."

"Nenda kwako, Chilumba. Mtoto analia kwangu."

Akaufunga mlango.

Ndani, Bibi Somoe akageuza uso wake ukutani kadiri shingo ilivyomruhusu, asimwone mkwe akila, akasema, "Mwanahija, mpe mkwe wangu chakula. Hajala tangu jana." Akalala usingizi.

Basi. Mwenye kutaka funzo, funzo ni hili, na nalisema mara moja, sitalirudia. Kama humtaki mtu, mwambie humtaki, ajue pa kwenda jua likiwa bado juu. Kama unamtaka, mwambie atue. Lakini usimsimamishe njiani na mtoto mgonjwa, ukamwita mgeni mwema, ukaenda kuzungumza. Hilo la katikati ndilo linalotaka kuniua kwa hasira, na ndilo watu tunaloliweza kuliko yote.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ondokeni mnipishe nipumzike, na anayetaka kubisha aje kesho, nitakuwepo.